Mbinu za tiba asili kwenye mtihani wa Heilpraktiker Ujerumani: soma hatari kabla ya faida

Ujerumani ina kazi inayoitwa Heilpraktiker: mtu asiye daktari ambaye sheria inamruhusu kutibu wagonjwa kwa sindano, chuku, ruba, maji, mitishamba na mbinu nyingine za tiba asili, akishapewa kibali na serikali. Waswahili wanaoishi Ujerumani na kutamani kazi hii wapo, na wengi wao hukwama mahali pale pale. Mtu anasoma kila mbinu kwa upande wa faida zake, akifika mbele ya jopo la mtihani anaeleza vizuri ruba inasaidia nini kwenye goti linalouma. Jopo halikumuuliza hilo. Lilitaka kujua ni nani hapaswi kuwekewa ruba, na kwa nini.

Sheria ya Heilpraktiker ni ya tarehe 17 Februari 1939, na hadi leo msingi wake ni kulinda afya ya umma. Miongozo ya sasa ya mtihani ilitolewa Desemba 2017 na kuanza kutumika tarehe 22 Machi 2018. Mtihani wenyewe kisheria huitwa „Überprüfung“, yaani ukaguzi: wanakukagua kama utakuwa hatari kwa wagonjwa. Ukilishika hilo tangu siku ya kwanza, mpangilio wa kusoma kwako utabadilika wote.

Masharti na mtihani wenyewe

Uwe umetimiza miaka 25, uwe na angalau cheti cha „Hauptschule“, yaani sekondari ya ngazi ya chini ya Ujerumani, au kinacholingana nacho, cheti cha tabia njema kutoka polisi na cheti cha daktari kwamba una afya ya kuifanya kazi. Uraia wa Ujerumani si sharti, ila cheti cha shule cha Tanzania au Kenya kinahitaji kutambuliwa rasmi kwanza, na hilo huchukua muda. Lianze mapema, hata kabla ya kulipa ada ya shule ya maandalizi. Maombi hupelekwa kwenye mamlaka ya mahali unapoishi, na tarehe ya mwisho ya kuomba hutofautiana kati ya eneo na eneo. Piga simu uulize, usitegemee aliyofanyiwa rafiki yako wa mji mwingine.

Mtihani wa maandishi una maswali 60 ya kuchagua, kwa dakika 120. Unafaulu ukipata 45. Hufanyika mara 2 kwa mwaka: Jumatano ya tatu ya Machi na Jumatano ya pili ya Oktoba. Ukifaulu, unaitwa kwenye mtihani wa mdomo usiozidi dakika 60, mbele ya daktari wa idara ya afya, akisaidiwa na Heilpraktiker mwenye uzoefu. Kuna pia kibali cha tiba ya akili peke yake, chenye maswali 28 kwa dakika 55, na ufaulu wake ni 21. Hicho hatukigusi hapa.

Kwenye karatasi ya maandishi, mbinu za tiba asili si nyingi. Sehemu kubwa ni mwili unavyofanya kazi, magonjwa, maambukizi, dharura, magonjwa ya akili na sheria. Mbinu zinajitokeza kwa nguvu kwenye mdomo, pale unapoulizwa: „Unakusudia kufanya kazi kwa mbinu zipi?“ Ukitaja mbinu, umejifungulia maswali. Kwa hiyo taja 2 au 3 unazozijua hadi kwenye mifupa. Anayeorodhesha 9 ili aonekane msomi hujikuta akiulizwa juu ya ile ya 9.

Tatizo la maneno yetu

Kabla ya mbinu yoyote, safisha msamiati. Kiswahili cha kila siku kinatosha kabisa kumweleza mama dalili zake, ila kinaweka vitu kadhaa kwenye neno moja, na Kijerumani cha mtihani kinavitenganisha. „Mshipa“ kwetu unaweza kuwa vena, ateri, neva, kano, hata ngiri. Ukifikiri „mshipa“ halafu ukasema „Vene“ ulipotaka kusema „Nerv“, umemdunga mgonjwa wa mfano mahali pabaya. „Mguu“ ni „Bein“ na „Fuß“, „mkono“ ni „Arm“ na „Hand“. „Kifua“ kinaweza kuwa „Thorax“, „Brust“, kikohozi, hata kifua kikuu. „Presha“ tunaitumia kwa ugonjwa na kwa kipimo.

Tengeneza kadi zako kwa Kijerumani upande wa mbele, na nyuma andika maelezo kwa Kiswahili kwa maneno yako mwenyewe. Kiswahili ni cha kuelewa, Kijerumani ni cha kujibu. Kisha soma majibu yako kwa sauti kwa Kijerumani, kwa sababu mtu anaweza kulielewa neno kwa mwaka mzima bila kuwahi kulitamka.

Kadi ya mistari 6

Kwa kila mbinu, jaza mistari hii kwa mpangilio huu:

1. Makatazo: nani hafanyiwi kabisa, na nani hufanyiwa kwa tahadhari.
2. Madhara yanayoweza kutokea, na dalili za kuyatambua.
3. Utafanya nini madhara yakitokea, kuanzia sekunde ya kwanza.
4. Sheria: unaruhusiwa wapi, na mpaka uko wapi.
5. Hatua za mikono, kuanzia kunawa hadi kutupa sindano.
6. Mbinu yenyewe ni nini, na hutumiwa kwa lipi.

Mpangilio huo umegeuzwa makusudi. Wengi huanza na mstari wa 6, wakifika wa 1 wamechoka. Hii hapa sehemu ya kadi ya ruba iliyojazwa: mistari ya 1, 2 na 5.

Makatazo ya ruba: hemofilia na matatizo mengine ya damu kuganda, anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama Marcumar, upungufu mkubwa wa damu, kinga iliyoshuka, iwe kwa ugonjwa au kwa dawa, vidonda visivyopona, hasa kwa mwenye kisukari ambaye damu haifiki vizuri miguuni, aliyewahi kupata mzio wa ruba, mjamzito. Tahadhari: mtu mwenye historia ya keloidi. Hili la mwisho lisisitize. Ngozi nyeusi huelekea zaidi kutengeneza makovu yanayovimba, na jeraha la ruba ni jeraha. Ukiwa mtahiniwa unayetarajia kutibu Waafrika, kulitaja kabla ya kuulizwa kunaonyesha kwamba unamwona mgonjwa aliye mbele yako.

Madhara: kuvuja damu muda mrefu, mzio, kuwashwa kwa siku kadhaa, kuzirai, na maambukizi ya bakteria Aeromonas wanaoishi ndani ya utumbo wa ruba. Damu kuendelea kuchuruzika kwa saa 12 hadi 24 ni jambo linalotarajiwa, kwa sababu mate ya ruba yana hirudini, inayozuia damu isigande. Likizidi hapo au mgonjwa akawa mweupe, anatokwa jasho jembamba na mapigo yanaenda mbio, hiyo ni dharura.

Hatua: chunguza na uandike; mweleze mgonjwa kwa mdomo; ngozi isioshwe kwa sabuni yenye manukato, ruba atakataa kuuma; vaa glovu; weka ruba, mwache anyonye hadi aachie mwenyewe, mara nyingi dakika 30 hadi 90. Usimvute. Akivutwa kwa nguvu, au akimwagiwa chumvi, hutapika ndani ya jeraha, na maambukizi huanzia hapo. Kisha bandeji nene inayoruhusu damu kutoka, miadi ya kesho yake, na namba ya simu ya kukupata usiku. Ruba hutumika kwa mgonjwa mmoja, mara moja tu.

Kadi ya namna hii ikiwa tayari, swali lolote la ruba litakukuta umekaa. Sasa tengeneza nyingine kwa mtindo huo huo.

Sindano: hapa ndipo wengi huangushwa

Hata kama hukusudii kudunga, jopo linaweza kukuambia uonyeshe. Jifunze kwa mkono, siyo kwa macho. Pembe zake: ndani ya ngozi, kama nyuzi 10 hadi 15, chini ya ngozi, 45 hadi 90 kulingana na urefu wa sindano na unene wa mkunjo wa ngozi, kwenye vena, karibu 30, kwenye msuli, 90.

Sindano ya msuli wa nyonga hufundishwa kwa njia ya Hochstetter, na sababu yake lazima uiseme: inakwepa neva kubwa ya mguu, „Nervus ischiadicus“, na mishipa mikubwa ya damu ya tako. Kwa nyonga ya kulia ya mgonjwa, tumia mkono wako wa kushoto. Kiganja kikae juu ya nundu ya mfupa wa paja, kidole cha shahada kwenye ncha ya mbele ya mfupa wa nyonga, „Spina iliaca anterior superior“, na kidole cha kati kitanuliwe kuelekea nyuma kando ya ukingo wa mfupa. Sindano inaingia kwenye pembetatu kati ya vidole hivyo 2. Vuta pistoni kidogo. Ikija damu, toa sindano, badilisha vifaa, anza upya mahali pengine.

Makatazo ya sindano ya msuli: dawa za kuzuia damu kuganda, tabia ya kuvuja damu, uvimbe au maambukizi mahali pa kudunga, mgonjwa aliye kwenye shoki, na anayeshukiwa kuwa na mshtuko wa moyo. La mwisho ni mtego maarufu. Anayedunga msuli kwa mgonjwa mwenye maumivu makali ya kifua anapandisha CK, kimeng'enya cha damu kinachoonyesha msuli umeumia, na kuwachanganya madaktari, na mbaya zaidi anaweza kuwafungia njia ya tiba ya kuyeyusha bonge la damu, kwa kuwa msuli uliodungwa utavuja.

Kwa kuchukua damu, mpira wa kufunga mkono ukazwe chini ya presha ya diastoli, mapigo ya kifundo cha mkono yaendelee kusikika. Usiuache zaidi ya dakika 1 hivi. Damu ikituama muda mrefu, vipimo kama potasiamu hutoka vibaya. Dawa ya kuua vijidudu ikae kwenye ngozi muda ulioandikwa kwenye chupa, na baada ya hapo usiguse tena kwa kidole. Mpira unalegezwa kabla ya sindano kutoka. Ukisahau, mgonjwa anaondoka na damu iliyovilia. Sindano haifunikwi tena na kifuniko chake: inakwenda moja kwa moja kwenye chombo kisichotobolewa. Hiyo ni kanuni ya TRBA 250, ya usalama wa wahudumu wa afya dhidi ya vijidudu, itaje kwa jina.

Mzio mkali, yaani anafilaksia, uuweke ulimini. Acha kudunga mara moja, piga 112, namba ya dharura, mlaze na umwinulie miguu, isipokuwa kama anashindwa kupumua, huyo mkalishe, angalia fahamu, pumzi na mapigo, oksijeni ikiwepo. Akiacha kupumua: minyo 30 ya kifua kwa pumzi 2, minyo 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hadi 6.

Chuku, kutoa damu na dawa za kuchubua

Kwa Mswahili hapa ni nyumbani. Kuumika kunajulikana pwani tangu zamani, na vibanda vya hijama viko kila mji. Faida ipo, na kikwazo kipo humo humo: unaweza kueleza kama fundi wa mtaani, na jopo linataka makatazo. Kumbuka pia kwamba kwetu „kupiga chuku“ ni kuongeza chumvi kwenye maneno. Ujerumani sheria ya matangazo ya tiba, „Heilmittelwerbegesetz“, inakataza kumpa mgonjwa picha kwamba kupona ni jambo la hakika. Ukisema mbele ya jopo „chuku inaponyesha presha“, umejimaliza. Sema: „hutumiwa kimapokeo kwa…“, halafu eleza ni lini utamwelekeza kwa daktari.

Chuku kavu huachwa dakika 5 hadi 15, na alama nyeusi ya duara hutarajiwa. Mwambie mgonjwa kabla, asije akashtuka kwenye kioo. Chuku ya damu inahitaji kifaa cha kuchanja kisichotumika tena, glavu na makatazo yote ya kuvuja damu. Usiweke chuku kwenye ngozi yenye uvimbe mwekundu, juu ya mishipa iliyovimba, kwenye miguu iliyojaa maji, wala kiunoni kwa mjamzito.

Kutoa damu kwa wingi kupitia vena, „Aderlass“, huwa wastani wa mililita 300 hadi 500, na kwa njia ya Hildegard wa Bingen, mtawa wa zamani wa Ujerumani, huishia karibu 150. Haifanywi kwa mwenye upungufu wa damu, presha ya kushuka, aliyeharisha au kupungukiwa maji, wala kwa mzee dhaifu. Kosa la kawaida ni kumsimamisha mgonjwa upesi. Abaki amelala, anywe maji, akae kwanza ukingoni, ndipo asimame.

Mbinu ya Baunscheidt ni kuchoma ngozi kwa sindano fupi nyingi kisha kupaka mafuta ya kuwasha. Mafuta ya croton yaliyotumika zamani yanachochea uvimbe wa saratani, jopo hupenda kuuliza hilo. Plasta ya kantaridini hutoa lengelenge kama la kuungua daraja la pili, na sumu yake huumiza figo, hivyo mwenye ugonjwa wa figo au njia ya mkojo hawekewi.

Mpaka mmoja wa karibuni: Juni 2023 Mahakama Kuu ya Utawala ya Ujerumani, iliyoko Leipzig, iliamua kwamba Heilpraktiker haruhusiwi kumtoa mgonjwa damu ili kumtengenezea dawa kutokana na damu hiyo hiyo, isipokuwa zile za homeopathi. Vitabu vya zamani vinaeleza tiba ya damu pamoja na ozoni kama jambo la kawaida. Angalia mwaka wa kitabu chako kabla ya kukariri.

Akupancha na mgongo

Akupancha: swali ni pafu. Sindano kwenye bega la juu au kati ya mbavu ikizidi kina, hewa huingia kifuani na pafu kusinyaa. Dalili: maumivu ya ghafla ya kuchoma upande mmoja, kukosa pumzi, upande huo wa kifua hausogei sawa, ukigonga unalia kama ngoma tupu, ukisikiliza pumzi haisikiki. Inaweza kuanza saa kadhaa baadaye, mgonjwa akiwa nyumbani. Kwa hiyo mwelekeze kabla hajaondoka, na hapo jibu ni 112, hakuna kusubiri. Sindano ni za kutumika mara moja, na mgonjwa alale, kwa sababu wengi huzirai wakiwa wamekaa.

Kusukuma uti wa mgongo: kabla ya kugusa, uliza maumivu ya usiku, kupungua uzito, saratani ya zamani, homa, ajali, mifupa laini ya uzeeni au ya dawa za kotisoni. Ganzi ya sehemu za kukalia, mkojo kushindwa kutoka, au mguu kuishiwa nguvu ni hospitali siku hiyo hiyo. Kwa shingo, hofu ni kuchanika kwa ukuta wa ateri ya uti wa shingo: maumivu mapya ya shingo na kisogo, kizunguzungu, kuona mawili, kumeza kwa shida, kuyumba. Anayekuja na dalili hizo hasukumwi shingo hata kwa kuombwa.

Dawa ya ganzi: asilimia 2, ndani ya ngozi tu

Tiba ya neva, iliyoanzishwa na madaktari wawili wa familia moja, ndugu wa Huneke, hutumia prokaini au lidokaini. Bila cheti cha daktari, Heilpraktiker anazipata kwa kudunga ndani ya ngozi yenye afya, kwa nguvu isiyozidi asilimia 2. Kudunga kwa kina, karibu na ganglia (mafundo ya neva) au kwenye kiungo, ni nje ya mpaka. Makatazo: mzio wa dawa hizo, matatizo ya umeme wa moyo kama AV-block ya juu, moyo kushindwa kazi uliokithiri. Dalili za sumu: ganzi ya ulimi, ladha ya chuma, masikio kulia, kisha degedege.

Maji ya Kneipp

Watu huyadharau maji kwa sababu yanaonekana rahisi. Sebastian Kneipp, padri wa Bad Wörishofen aliyeishi 1821 hadi 1897, aliacha kanuni ambazo jopo bado linauliza. Ya kwanza: baridi haiwekwi kamwe kwenye mwili wenye baridi. Mgonjwa akiwa na miguu ya barafu, mtembeze au umpashe moto kwanza.

Kumwagia magoti maji baridi, „Knieguss“: maji hadi nyuzi 18, mkondo laini usiorusha. Anza kwenye kidole kidogo cha mguu wa kulia, panda upande wa nje wa shavu la mguu hadi upana wa kiganja juu ya goti, kaa kidogo, shuka upande wa ndani. Kisha mguu wa kushoto. Kuanza kulia na mbali ni ili moyo usishtuliwe. Usifute kwa taulo: kamua maji kwa viganja, vaa soksi, tembea. Hafanyiwi mwenye maambukizi ya mkojo, mwenye ateri zilizoziba, mwenye maumivu ya neva ya mguu, wala aliye kwenye hedhi.

Maji ya moto ya miguu yanayopandishwa, kuanzia nyuzi 33 hadi 39 au 40 kwa dakika 15 hadi 20, hayafai kwa mishipa iliyovimba ya miguu wala kwa damu iliyoganda kwenye vena. Na kuoga kwenye beseni hadi shingoni kwa mwenye moyo dhaifu ni hatari kwa uzito wa maji peke yake: yanasukuma damu ya miguu kurudi moyoni kwa mkupuo.

Mitishamba

Usikariri mimea 100. Jifunze 15 kwa kina, na „Johanniskraut“, mmea unaotumiwa kwa mfadhaiko, iwe ya kwanza. Inaharakisha ini kuvunja dawa nyingine, hivyo vidonge vya uzazi wa mpango hupungua nguvu, vivyo hivyo Marcumar, ciclosporin ya waliopandikizwa kiungo na dawa kadhaa za VVU. Ikichanganywa na dawa za mfadhaiko za SSRI, serotonini huzidi: kutetemeka, homa, kuchanganyikiwa. Ngozi huungua juani. Kwa mfadhaiko wa kati, dawa yake Ujerumani inahitaji cheti cha daktari, na hapo mpaka wako umefika.

Mizizi mitamu ya „Süßholz“ hushusha potasiamu na kupandisha presha. Senna, dawa ya kuharisha, ikitumiwa kila siku hushusha potasiamu pia, na anayetumia dawa za moyo za Digitalis anaingia hatarini. Mafuta ya mnanaa, menthol au kafuri hayapakwi usoni wala kifuani kwa mtoto mchanga. Koo hujifunga na pumzi kukatika. Mama zetu wengi hupaka watoto balmu kwa nia njema, na mgonjwa wako wa Kiswahili anaweza kuwa amefanya hivyo asubuhi ile. Muulize.

Homeopathi ipite haraka, ila kwa jambo moja. Hali ikizidi baada ya dawa, wapo wanaosema ni „Erstverschlimmerung“, kuzidi kabla ya nafuu, na kungoja. Mbele ya jopo sema wazi: ugonjwa ukizidi, unamchunguza upya, na ukishuku hatari unampeleka. Kufunga kula: si kwa mwenye kisukari aina ya 1, ugonjwa wa kula, ujauzito, gauti, tezi inayofanya kazi kupita kiasi, wala figo au ini lililoharibika.

Mipaka ya sheria

Sheria ya maambukizi, „Infektionsschutzgesetz“, isome kwa vifungu. Kifungu cha 24: magonjwa mengi ya vifungu vya 6, 7 na 34, na magonjwa yote ya zinaa, ni daktari pekee anayethibitisha na kutibu. Kwa hiyo surua, kifaduro, homa nyekundu na upele wa „Krätze“ si vyako, hata kama unaweza kuvitambua mlangoni. Kifungu cha 8 kinakuweka kati ya wanaowajibika kuripoti, na kifungu cha 9 kinakupa saa 24 kupeleka taarifa idara ya afya. Mtego: homa ya uti wa mgongo ya meningokoki huripotiwa hata ukishuku tu, ila kifua kikuu huripotiwa kikiwa ugonjwa unaohitaji tiba, au kifo, kushuku peke yake hakutoshi.

Zaidi ya hapo: hakuna dawa za cheti, hakuna dawa za kulevya, hakuna meno, hakuna kuzalisha, hakuna X-ray, hakuna cheti cha kifo. Maelezo kwa mgonjwa hutolewa kwa mdomo na mapema ili apate muda wa kuamua, na kumbukumbu hutunzwa miaka 10, kama kanuni ya raia ya BGB inavyotaka kwenye vifungu vya 630e na 630f.

Ratiba na mazoezi ya mdomo

Kwa mtu anayefanya kazi, miezi 18 kwa saa 10 hadi 12 kwa wiki ni ya kweli. Miezi 12 ya kwanza iwe ya mwili na magonjwa, kila mfumo pamoja na dharura zake. Miezi 3 inayofuata kadi za mbinu na sheria. Miezi 3 ya mwisho mitihani ya miaka iliyopita, kwa saa, dakika 2 kwa swali. Kwenye maswali ya kuchagua majibu 2, chagua 2 kamili. Ukichagua 1, swali limepotea. Kosa lolote andika kwenye daftari pamoja na sababu: sikujua, sikuelewa Kijerumani, au nilisoma haraka. Baada ya wiki 3 utaona ni lipi linakuangusha, na mara nyingi kwa Waswahili ni la pili. Hasa maneno kama „nicht“ (si) na „am ehesten“ (lenye uwezekano mkubwa zaidi) yanayogeuza swali zima.

Kwa mdomo, tafuta mwenzako aulize, akiwa na saa. Mfano wa swali: mwanamke wa miaka 58, anataka chuku kwa maumivu ya bega la kushoto. Anayefaulu haanzi na chuku. Anauliza maumivu yalianza lini, yanaenda wapi, kama kuna kichefuchefu, jasho, pumzi fupi, anapima presha pande zote 2 na mapigo, anauliza dawa. Bega la kushoto la ghafla ni moyo hadi ithibitishwe vingine. Akikuta hivyo: 112, mgonjwa akae nusu wima, nguo zilegezwe, asiachwe peke yake, hakuna sindano ya msuli. Moyo ukishaondolewa kwenye orodha, na mapafu, nyongo na shingo pia, ndipo makatazo ya chuku, na mwisho kabisa chuku yenyewe.

Ukiulizwa usichokijua, sema: „Hilo silijui kwa hakika, kwa mgonjwa halisi ningempeleka kwa daktari leo.“ Kisha nyamaza. Kubuni jibu la tiba ndiko kunakoangusha, kwa sababu ndicho hasa walichokuja kukikagua.

Kibali kikifika, kabla ya mgonjwa wa kwanza: iandikishe ofisi yako kwenye idara ya afya na ofisi ya kodi, jiandikishe BGW, yaani bima ya ajali kazini ya wahudumu wa afya, chukua bima ya dhima ya kitaaluma inayotaja mbinu zako moja moja kwa majina, na andika mpango wa usafi wa chumba. Mbinu isiyotajwa kwenye bima usiifanye.